Kabla Hujanunua Betri Nyingine

Haya ndiyo niliyozungumza Jumamosi, Temeke, kwenye kikao cha wenye pikapu za mizigo na mafundi wao. Wengi mlikuwa barabarani mkitafuta riziki, mkaomba yawekwe yote kama yalivyosemwa. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha.

Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Kina mama mliokuja na magari yenu, karibuni sana. Vijana, mambo? Assalamu alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Asanteni.

Nianze na maswali mawili, mnijibu kwa mikono. Nani humu ndani aliwahi kununua betri mpya, zikapita wiki chache, gari likarudia tabia yake ileile: asubuhi unapiga stata, inajibu tik, halafu kimya? Nyosheni tuone. Haya, hata mwenyekiti kanyosha. Msishushe kwanza. Swali la pili: kati yenu mlionyosha, nani alipimiwa ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia injini na bodi, kabla ya kutoa hela ya betri? Naona mkono mmoja kule nyuma, na huyo ni fundi mwenzangu, simhesabu.

Ndugu zangu, hapo ndipo hela zenu zinapopotelea. Tunanunua kinyumenyume. Gari likigoma tunakimbilia betri, kwa sababu betri inauzwa kila kona. Likigoma tena, altaneta, ile inayochaji betri. Likigoma tena, stata. Waya na ethi tunavikumbuka siku ambayo gari limelala Kongowe na mzigo wa watu juu. Leo nimekuja kuwaomba mgeuze mpango huo. Anzeni na njia unayopita umeme. Kisha stata. Kisha altaneta. Betri iwe ya mwisho. Na kabla ya chochote kati ya hivyo, pima.

Nazungumzia pikapu gani? Hilux za miaka ya 80 na 90, Datsun 1200 zilizobaki, Stout, Peugeot 504, na Land Rover 109 tulizoachiwa na baba zetu. Chesisi nzima, injini inaridhisha, mzigo inabeba. Ila umeme wake ulipangwa kwa maisha mengine. Gari lilitoka kiwandani na taa mbili za mbele, honi, waipa na redio ya kusikilizia taarifa ya habari. Leo limevishwa spotilaiti nne, spika, chaja za simu, kifaa cha kumwambia tajiri gari liko wapi, na saa mbili usiku limekwama kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa, injini inaunguruma tu, haliendi mbele wala nyuma. Altaneta ni ileile ya ampea 40. Itaweza wapi?

Kwa hiyo sipingi kuboresha. Nimekula kwa kazi hiyo. Ninachopinga ni kuboresha kwa kubahatisha.

Tuanze na njia.

Kwenye gari lako hakuna mlaji wa umeme anayemfikia stata. Injini ya petroli ya silinda nne, stata yake inavuta ampea 150 mpaka 200. Hilux ya dizeli, ya lita 2.4 au 2.8, inaweza kupita 300 pale inapoanza kuzungusha. Sasa tufanye hesabu ndogo, na mama zangu wa sokoni mtaniwahi. Umeme wa ampea 200 ukipita mahali penye ukinzani (kizuizi cha umeme) wa omu 0.01, yaani sehemu moja ya mia ya omu moja, zidisha: mia mbili mara sifuri nukta sifuri moja. Ngapi? Mbili. Volti 2 zimeishia kwenye bolti yenye kutu. Betri yako ilikuwa na 12.6 ikiwa imepumzika. Stata ikianza kuvuta inashuka mpaka 10.5 hivi, hiyo ni kawaida. Ukitoa 2 za kutu, stata inapata 8 na nusu. Itazungusha nini hapo?

Na huo ukinzani mdogo mita ya kawaida haiuoni. Fundi anaweka mita kwenye omu, anagusa huku na huku, mita inalia piii, anakwambia waya mzima, bosi, hii ni betri. Hajakudanganya kwa makusudi. Kapima waya ukiwa umelala. Waya unapimwa ukiwa kazini, umebeba zile ampea 200. Nadhani hili ndilo jambo moja ambalo ningetamani kila kijana wa gereji alijue kabla ya kushika koleo.

Kuna mama mmoja anachukua samaki Feri alfajiri, anapeleka Mbagala na Chamazi. Hilux ya dizeli. Alinijia na betri ya pili ndani ya mwaka mmoja, N70 mpya kabisa, na gari bado linasukumwa na vijana wa pale sokoni, na msukumo nao una bei yake. Stata ilishafunguliwa ikawekwa brashi mpya. Altaneta ilishafumuliwa. Tajiri kachoka, dereva kachoka. Nikamwambia, mama, dereva apige stata mimi nishike mita. Ncha moja nikaibana kwenye kichwa cha hasi cha betri, kwenye ile risasi yenyewe, wala si kwenye kile kibano. Ncha ya pili kwenye bloku ya injini. Piga! Mita ikasoma volti 2 na ushee.

Ilitakiwa isome ngapi? Upande wa ethi isizidi 0.2, tukivumilia sana 0.3.

Nini kilitokea? Injini ile ilikuwa imebadilishwa, ikawekwa ya mtumba. Waliobadilisha hawakurudisha ule mkanda wa ethi unaounganisha injini na chesisi. Na injini, kama mnavyojua, imekaa juu ya mipira. Umeme ulikuwa unarudi betri kwa kupitia popote ulipopata upenyo, ikiwemo waya wa mafuta, ule unaovutwa na pedeli. Nikamuuliza dereva: huu waya wa mafuta huwa unakatika? Akanitazama kama mganga. Kumbe ameshaubadilisha mara kwa mara bila kujua kwa nini. Ulikuwa unaungua taratibu, kila akipiga stata.

Dawa ilikuwa kebo moja nene kutoka hasi ya betri moja kwa moja mpaka kwenye bloku, karibu na bolti ya stata, nyingine kutoka injini mpaka chesisi, na ndogo mpaka bodi. Basi. Bei yake haifikii hata robo ya betri.

Ndiyo maana nasema kununua betri kubwa wakati ethi imeoza ni kama kununua tenki kubwa la maji wakati mpira wa bustani umekanyagwa na gari. Tenki litajaa. Maji hayatatoka.

Sasa mafundi, sikilizeni namna ya kufunga. Rangi haipitishi umeme. Pale unapofunga ethi, kwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, funga, kaza, halafu ndipo upake grisi au rangi juu kuzuia kutu. Usipake kwanza. Kebo ya stata kwa petroli ndogo iwe milimita za mraba 35, kwa dizeli 50 au zaidi. Lagi, kile kichwa cha chuma mwisho wa kebo, ibanwe kwa koleo lake, isigongwe kwa nyundo juu ya jiwe. Nimeziona hizo, msinicheke.

Na angalieni mnachouziwa. Mitaani kuna kebo zimepakwa rangi ya shaba juu, ndani ni alumini. Kata kidogo kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu mpaka katikati, ile nyingine inang'aa nyeupe, tena nyepesi mkononi. Waya wa kufungia nyumba, ule wenye uzi mmoja mgumu, hauna kazi kwenye gari. Mtikisiko utaukata ndani ya ganda na hutaona. Kebo ya mashine ya kuchomelea inafaa sana, ina nyuzi nyingi nyembamba na inakunjika, ila ikinge isiguse mafuta ya injini na joto la eksozi.

Upande wa chanya nao upimwe hivyohivyo. Ncha moja kwenye kichwa cha chanya cha betri, nyingine kwenye bolti nene ya stata, piga stata. Isizidi 0.5. Kisha pima betri yenyewe kichwa kwa kichwa wakati stata inazunguka. Ikishuka chini ya 9.6, hapo sasa betri ina kesi ya kujibu, au stata inavuta kupita kiasi. Si kabla ya hapo.

Nyinyi wa Kigamboni, Msasani, na wote mnaobeba samaki, mna adui wa ziada. Hewa ya bahari ina chumvi, na maji ya samaki yana chumvi. Ule unga mweupe na wa kijani kwenye vichwa vya betri unakuja kwenu haraka kuliko kwa mtu wa Kibaha. Osheni kwa maji ya moto yenye magadi, kausheni, kazeni, pakeni grisi. Kila mwezi. Haihitaji fundi.

Nimekaa sana hapo, najua. Ningekuwa na muda ningekaa zaidi.

Sasa stata. Historia kidogo, nitapita mbio. Zamani gari liliwashwa kwa hendeli, na hendeli ilivunja mikono ya watu. Mwaka 1912 Cadillac ya Marekani ikatoka na stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering. Wazee wenye Land Rover ambao hendeli bado iko nyuma ya siti, msiitupe. Siku moja mtanishukuru.

Wale wa ng'ambo ya Kigamboni mnakijua kisa hiki. Umeingia kwenye pantoni pale Magogoni, umezima injini. Dakika chache mmefika, mlango unashuka, na pikapu yako ndiyo iko mbele kabisa. Unapiga stata. Tik. Nyuma yako Noah, nyuma yake daladala, pembeni bodaboda na watu wenye vikapu. Honi. Kuna kitu cha kumzeesha mtu kama hicho?

Mzee mmoja wa Mjimwema alikuja kwangu na kisa hichohicho. Asubuhi gari linawaka vizuri. Likishapata moto, halitaki. Alikuja na hela mkononi, anataka stata mpya. Nikamwambia, mzee wangu, ziweke kwanza mfukoni.

Kwa nini gari likigoma, ligome likiwa la moto? Kwa sababu shaba ikipata joto, ukinzani wake unapanda. Stata imekaa karibu na eksozi. Ikitoka nyuzi 30 mpaka 110, ukinzani wa shaba unaongezeka karibu theluthi moja. Ile koili ndogo juu ya stata, inayovuta na kusukuma gia ishike flaiwili, lile gurudumu zito la injini, inahitaji volti za kutosha ili ivute. Na volti hizo zinafikaje kwake? Zinatoka betri, zinaingia kwenye dashibodi, zinapita kwenye swichi ya ufunguo ambayo imezungushwa tangu enzi za Mzee Ruksa, zinarudi mpaka chini kwenye stata kwa waya mwembamba uliozeeka. Nikapima kwenye ile ncha ndogo wakati anapiga: haikufika hata 8. Baridi inavumilia. Moto haivumilii.

Tukaweka relei, swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mwingi. Ni kitu kidogo, kinaingia kwenye mfuko wa shati. Waya wa zamani wa ufunguo unaenda namba 86, namba 85 inaenda ethi, namba 30 inachukua umeme mnene kutoka betri kupitia fyuzi, na namba 87 inashuka kwenye ile ncha ndogo ya stata. Sasa ufunguo unatoa amri tu, haubebi mzigo. Mzee akarudi na sehemu kubwa ya hela zake, na pantoni anapanda bila wasiwasi.

Lakini kuna tik nyingine, msizichanganye. Kwenye stata nyingi za Toyota, zile zilizoandikwa Denso au Nippondenso, ndani ya ile koili kuna vipande viwili vya shaba vinavyogongwa kila unapowasha. Vikilika, hasa kimoja ambacho huwa kinalika zaidi, unasikia tik, tik, tik, mara ya tano gari linawaka kama halikuwa na tatizo. Mnaijua hiyo? Hiyo haihitaji stata mpya. Inahitaji vile vipande viwili vya shaba na ile pini yake, vinauzwa Kariakoo kama spea ndogo. Fundi akikwambia stata imekufa, mwambie afungue mfuniko wa koili, akuonyeshe. Ni bolti chache tu.

Sasa, kama njia ni safi, relei ipo, shaba nzima, na bado inazunguka kwa uzito, hapo ndipo ubadilishe aina ya stata. Stata za zamani za moja kwa moja ni nzito: mota yenyewe ndiyo inayozungusha ile gia ya mbele. Za kisasa zina gia za kupunguza kasi ndani. Mota ni ndogo, inazunguka kwa kasi kubwa, gia zinageuza ile kasi kuwa nguvu. Uzito unapungua, ampea zinazovutwa zinapungua, na injini inazungushwa vizuri zaidi. Kwa dizeli ya zamani mabadiliko hayo unayasikia kwa masikio siku hiyohiyo.

Ila unapoenda Gerezani au Ilala kununua, usibebe jina la gari. Beba stata yenyewe. Hesabuni meno ya gia ya mbele; moja ina 9, nyingine 10, nyingine 11, na kwa macho zinafanana. Angalia inazunguka upande gani. Angalia matundu ya bolti, urefu wa pua. Na angalia imeandikwa 12 au 24, kwa sababu magari ya mizigo yaliyotoka Japani mengi ni ya volti 24 na stata zao ziko mezani palepale pamoja na zako. Meno yakikosana, utakula flaiwili, na kubadilisha meno ya flaiwili ni kushusha giaboksi. Mnataka kushusha giaboksi? Hamtaki.

Tuje kwenye altaneta, na hapa naomba vijana mnisikilize.

Kuna kijana ana pikapu ya matangazo. Mnamjua aina yake: spika nne za pembe juu, amplifaya nyuma, anatembea taratibu kuliko mtembea kwa miguu, Tandika mpaka Yombo, magodoro, magodoro, ofa ya magodoro. Fikirieni gari hilo linavyoishi. Injini haipandi mzunguko kamwe, na amplifaya inakula saa nzima. Betri ikawa inamfia katikati ya matangazo. Akaenda akanunua altaneta ya ampea 100, nzuri tu, akafungiwa mahali pa ile ya 40. Siku chache baadaye, akiwa katikati ya soko, moshi ukatoka kwenye dashibodi. Kipaza sauti kilikuwa wazi. Alichosema, soko zima lilikisikia, na mimi siwezi kukirudia mbele ya wazee.

Nini kiliungua? Altaneta haikuungua. Iliungua njia. Tumerudi palepale! Kwenye pikapu nyingi za zamani, umeme wote wa kuchaji unapita kwenye dashibodi, kwenye ile saa ya ampea yenye mshale wa kuchaji na kutochaji. Ile saa na waya wake vilipimwa kwa ampea 30 au 40. Umeleta 100, unataka zipite wapi?

Ukiongeza altaneta, ongeza waya. Kutoka bolti ya altaneta moja kwa moja mpaka chanya ya betri, milimita za mraba 16 kwa umbali mfupi, 25 ni bora zaidi, na fyuzi kubwa karibu na betri. Kwa altaneta ya 100, fyuzi ya 125. Saa ya ampea iondoe kwenye njia, weka saa ya volti mahali pake. Na kama gari lilikuwa na regyuleta ya nje, kile kiboksi cha kudhibiti volti kwenye ukuta wa injini, na altaneta mpya ina regyuleta ndani, kile kiboksi kitoke kabisa kwenye mzunguko. Visiachwe vyote viwili vinagombana. Plagi ya altaneta nyingi za Toyota ina nyaya tatu: IG inatoka kwenye swichi ya ufunguo, L inaenda kwenye taa ya onyo, na S inaenda betri kwenda kuonja volti pale betri ilipo. Hiyo S wengi mnaiunganisha palepale nyuma ya altaneta kwa kipande kifupi cha waya. Kufanya hivyo ni kuifumba macho.

Swali jingine. Altaneta ya ampea 100 inatoa 100 wakati gani? Ikizunguka kwa kasi, mhimili wake kwenye mizunguko kama 6,000 kwa dakika. Kwenye foleni, injini iko 700 au 800, puli inaizidisha mara mbili au mbili na nusu, altaneta inazunguka labda 1,800. Hapo inatoa nusu, au theluthi. Sasa jumlisheni chakula cha gari lenu. Taa mbili za mbele, wati 60 kila moja, ni ampea 9. Spotilaiti nne za wati 55, ampea 16. Feni ya ndani, 10. Amplifaya ya yule kijana ikivuta wati 500 ni karibu 40 peke yake. Ndiyo maana ukinunua altaneta usiulize tu ukubwa wake ulioandikwa, uliza inatoa ngapi injini ikiwa haijakanyagwa mafuta, na angalia puli: puli ndogo inazunguka haraka zaidi kwenye foleni. Kwa jiji hili, hiyo inasaidia kuliko namba kubwa kwenye karatasi.

Na belti msiisahau. Ampea 100 kwa volti 14 ni wati 1,400, na ukihesabu kinachopotea kama joto, altaneta inakula karibu nguvu za farasi 3 kutoka kwenye injini. Belti moja ya V iliyochoka itateleza na kupiga mayowe. Ukivuka 70 au 80 kwa belti moja nyembamba unatafuta shida.

Wazee wa Land Rover, nyinyi kesi yenu ni tofauti kidogo. Nyingi za miaka ya 60 zilikuja na dinamo ya Lucas, mashine ya kuchaji ya kabla ya altaneta, ya ampea 20 na kitu, ambayo injini ikiwa chini haichaji kabisa. Altaneta zilianza kuwa kawaida kwenye magari baada ya Chrysler kuiweka kwenye Valiant ya 1960, diodi, vile vipande vinavyogeuza umeme wa altaneta ufae kuchaji betri, zilipopatikana za kutosha na bei nafuu. Kubadilisha dinamo kuwa altaneta ni kazi nzuri sana. Lakini pima kwanza ethi yenu ni upande gani! Land Rover nyingi za wakati ule chanya ndiyo imefungwa kwenye bodi. Ukifunga altaneta ya kawaida bila kugeuza, diodi zinakufa kabla hujatoa mkono kwenye ufunguo. Redio nayo.

Hapo hapo, kuna mchezo mmoja wa gereji. Gari linaunguruma, fundi anachomoa kichwa cha betri, gari halizimi, anasema unaona? Altaneta inachaji. Mnaufahamu mchezo huo? Umetoka enzi za dinamo, na dinamo ilivumilia. Ukichomoa betri altaneta ikiwa na mzigo, volti zinaruka ghafla, zinaweza kupita 80 kwa kitambo kidogo sana, na hicho kitambo kinatosha kuua diodi, regyuleta, redio, na kama gari lina kompyuta ya injini, hiyo pia. Anayekupimia hivyo mwambie aache, kwa heshima, lakini aache. Mita inatoa jibu hilohilo bila kuua kitu. Injini ikiwa inaunguruma, kwenye vichwa vya betri usome kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa, feni, kila kitu: isishuke chini ya 13. Ikipanda mpaka 15, regyuleta imekufa na betri inachemshwa.

Betri nitaisema kwa ufupi, maana imesemwa sana mitaani. Joto la Dar linaua betri kuliko kazi. Yale maandishi ya nguvu ya kuwasha kwenye baridi kali, yenye namba kubwa, ni ya watu wa theluji. Hapa kwetu tazama ujazo wake kwa ampea-saa (Ah) na tarehe iliyotengenezwa. Ongeza maji ya betri peke yake, yale yaliyosafishwa, usiongeze asidi hata ukiambiwa itaipa nguvu. Betri iliyopumzika usiku kucha ikisoma 12.6 imejaa, 12.2 imebaki nusu, na ikiishi kwenye nusu siku zote sahani zake zinashika ugumu hazirudi. Na ifungwe kwa chuma chake. Ule mpira wa tairi mnaofungia unairuhusu icheze, na barabara zetu za ndani mnazijua. Unapofungua, anza na hasi. Unapofunga, hasi iwe ya mwisho. Sigara mbali, kwa sababu betri inayochajiwa inatoa hidrojeni, gesi inayolipuka.

Kuna aliyeniuliza mlangoni kama afunge betri mbili. Mzee, ukiwa na friji ya samaki au vipaza sauti, ndiyo, ila betri ya pili iwe na relei inayoitenganisha injini ikizimwa, ili ile ya kuwashia isiguswe. Kama huna mzigo huo, hela hiyo nunua kebo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Tutoke nje, mita zipo na vijana wapo. Tunaanza na magari yaliyoegeshwa upande wa ukuta, fungueni maboneti lakini msiwashe bado. Tunataka kusoma betri zikiwa zimepumzika, kisha wakati wa kupiga stata, kisha zikichaji. Kila mmoja aandike namba zake tatu kwenye karatasi aondoke nazo. Mwenye Land Rover, njoo kwangu kwanza tuangalie ethi yako iko upande gani.